Jino likisumbua dagoni au porini, usipime hatari kwa maumivu

Huku kusini mwa Tanzania mtu anaweza kukaa wiki tatu mbali na kiti cha daktari wa meno na hakuna anayeshangaa. Wavuvi wako dago, yaani kambi zao za muda, kwenye visiwa vidogo vya Kilwa. Walina asali na askari wa wanyamapori wako misitu ya Liwale, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Msimu wa korosho ukifika Oktoba, familia nzima za Tandahimba na Newala zinahamia mashambani. Zahanati ya kijiji huenda isiwe mbali, ila kwa kawaida haina mtu wa meno. Tabibu wa meno unamkuta hospitali ya wilaya na kwenye baadhi ya vituo vya afya. Barabara nazo zina mambo yake. Masika njia za Liwale hugeuka tope, na hata lami haina uhakika: Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga.

Kwa hiyo jino likileta shida kambini, swali la kwanza ni hili: tunatoka sasa hivi, tunatoka kesho, au tunaweza kungoja? Watu wengi hulijibu kwa kusikiliza mgonjwa analia kiasi gani, na hapo ndipo wanapokosea. Jino linalomliza mtu usiku kucha linaweza kungoja siku mbili tatu bila kugusa uhai wake. Jino lililouma wiki nzima, likanyamaza lenyewe, kisha shavu likaanza kujaa taratibu, halingoji.

Sababu iko ndani ya jino lenyewe. Katikati kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kimefungiwa ndani ya kuta ngumu. Kikivimba hakina pa kupanukia, ndiyo maana maumivu yake hayavumiliki. Kikifa, maumivu yanakoma na mgonjwa anasema amepona. Bakteria hawajaenda popote. Wanashuka kwenye mfereji wa mzizi, wanatokea kwenye ncha yake, wanaingia mfupani, na kutoka hapo wanatafuta njia ya kwenda shavuni au shingoni.

Ukitaka kujua jino limefika hatua gani, vipimo viwili vinatosha. Mpe mgonjwa maji ya baridi. Uchungu ukija na kuondoka ndani ya sekunde chache, kiini bado kizima. Ziba tundu na mwendelee na kazi. Ukibaki dakika kadhaa, au ukiwa unamwamsha usiku na chai ya moto inauzidisha, kiini kinakufa. Tuliza maumivu na panga safari ya siku za karibuni. Cha pili, gonga jino polepole kwa mpini wa kijiko, ukianza na meno ya jirani ili apate cha kulinganisha. Moja likiruka kwa uchungu, uambukizi umeshafika kwenye mzizi, na kuanzia hapo unaangalia uvimbe asubuhi na jioni.

Tukianza na maumivu. Kwa mtu mzima, dawa mbili za kawaida zikitumiwa pamoja hushinda nyingi zinazosifiwa: ibuprofeni miligramu 400 na parasetamoli miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya 500, kila baada ya saa 8, baada ya kula. Ukifuata hivyo hutavuka miligramu 1,200 za ibuprofeni wala 4,000 za parasetamoli kwa siku. Mtoto hupimiwa kwa uzito: ibuprofeni miligramu 10 kwa kila kilo, parasetamoli 15 kwa kila kilo. Kosa la kila siku ni kuongeza diklofenaki juu ya ibuprofeni. Hizo ni dawa za ukoo mmoja. Ukizichanganya huongezi nafuu, unaongeza hatari ya tumbo kutoka damu na figo kuumia, hasa kwa mtu aliyeshinda juani bila kunywa maji. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo na mwenye pumu inayochochewa na dawa hizo abaki na parasetamoli peke yake. Usiku mgonjwa alale kichwa kikiwa juu, kwenye mito au gunia, maana akilala chali damu inajaa kichwani na jino linaanza kupwita.

Mafuta ya karafuu yanasaidia kweli, ila yanatumiwa vibaya. Chovya kipande cha pamba chenye ukubwa wa punje ya mchele, kikamue, kiweke ndani ya tundu kwa kibano. Usipake ufizi. Mafuta hayo yanaunguza nyama laini, na baada ya siku mbili mgonjwa ana jino linalouma na kidonda juu yake. Aspirini iliyosagwa na kubandikwa kwenye ufizi inaunguza vilevile. Maji ya betri, mafuta ya taa na mafuta ya ganda la korosho havikaribii mdomo kabisa.

Tundu lililo wazi, au jino ambalo kizibo chake kimedondoka, linazibika hapo hapo kambini. Kuna vizibo vya muda vilivyo tayari kwenye kikopo, vinavyogandishwa na mate, na kuna unga wa oksidi ya zinki unaochanganywa na mafuta ya karafuu. Nashauri huo wa pili kwa safari ndefu kwa sababu unga haukauki kabla hujautumia. Mimina unga kiasi cha nusu kijiko cha chai kwenye kipande cha kioo au kifuniko safi, weka matone mawili ya mafuta pembeni, kisha vuta unga kidogo kidogo kuingia kwenye mafuta huku ukikandamiza kwa nguvu. Endelea kuongeza unga mpaka upate donge gumu linalofinyangika kama udongo wa chungu na halinati kidoleni. Wengi huacha likiwa bado laini kama uji wa dona, na hilo halitakaa. Litayeyuka na kuunguza ufizi. Halafu joto na unyevu huharakisha kuganda, kwa hiyo Lindi saa saba mchana donge lile linakuwa gumu mkononi mapema kuliko maelekezo ya kwenye chupa yanavyosema. Changanya kivulini, na changanya wakati tundu limeshaandaliwa.

Kuandaa tundu ni hivi: toa mabaki ya chakula kwa kijiti, sukutua kwa maji ya uvuguvugu, weka pamba kati ya shavu na ufizi ili kuzuia mate, kausha tundu kwa pamba nyingine. Tundu likiwa na maji kizibo hakishiki. Sukumia donge ukianzia chini na pembeni ili hewa isibaki, laza juu kwa kitu butu kilicholowa maji, kisha mwambie aume na asage mara mbili tatu. Kinachofurika kiondoe. Kizibo kikibaki juu hata kidogo, kila akiuma jino hilo linapigwa peke yake, na kesho yake atalalamika zaidi ya jana. Asilitumie kwa saa moja au mbili.

Usizibe jino lenye usaha, linalopwita na kuvimba pembeni. Tundu hilo ndilo mlango pekee wa usaha kutokea. Ukilifunga, msukumo unaongezeka na usiku utakuwa mrefu. Ukiziba na maumivu yakapanda badala ya kushuka, toa kizibo mara moja.

Nataja hapa jambo ambalo wengi hawalijui: njia ya kusafisha jino lililooza kwa zana za mkono tu, bila mashine wala umeme, kisha kuliziba kwa saruji maalumu ya meno, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na leo inatumika duniani kote. Kwa hiyo tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya asiye na mashine nzima bado ana cha kukufanyia. Usimpite tu kwenda mjini.

Sasa jino lililong'oka zima. Bodaboda imeteleza kwenye mchanga, foromali, ule mti wa tanga, imemgonga mtu mdomoni, mtoto ameanguka kutoka kwenye mkorosho. Hili ndilo tukio ambalo dakika zinahesabika, na ndilo watu hawana haraka nalo kwa sababu haliumi sana. Liokote na uliangalie kwa karibu. Sehemu nyeupe inayong'aa ni kichwa. Sehemu ndefu ya rangi ya njano ni mzizi, na juu ya mzizi kuna utando mwembamba wenye wekundu kwa mbali, kama ngozi ya ndani ya yai. Utando huo uko hai. Ndio unaoshikisha jino kwenye mfupa, na ndio unaokufa. Ukikaa mkavu kwa saa nzima, karibu wote umeshakufa. Jino litarudi, lakini halitadumu kama ambavyo lingedumu.

Shika kichwa tu. Likiwa na mchanga, limwagie maziwa au maji ya chumvi ya dripu. Kama hakuna, maji safi ya baridi kwa sekunde zisizozidi 10. Usisugue, usifute kwa kanga, usikwangue, usitie dawa. Mwambie mgonjwa asukutue mara moja kutoa damu iliyoganda. Geuza jino upande wake sahihi: upande laini uliotuna unatazama mdomo wa nje, upande wenye kabonde unatazama ulimi. Lisukume ndani polepole kwa kidole mpaka lilingane na jirani zake. Litaleta ukinzani kidogo halafu litakaa. Likigoma kabisa usilazimishe, ukuta wa mfupa umevunjika. Likikaa, mpe kitambaa safi kilichokunjwa akiume kwa utulivu. Dakika 5 za kwanza ndizo bora kuliko zote, kwa hiyo linarudishwa pale pale mchangani. Mkifika kambini mtakuwa mmechelewa.

Usirudishe jino la utoto, maana utaharibu la ukubwani linalosubiri chini yake. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kutoka kwenye miaka 6 na 7, kwa hiyo mtoto wa miaka 4 aliyepoteza jino la mbele anahitaji kukandamiziwa kitambaa na kubembelezwa tu. Usirudishe pia kwa mtu aliyezimia au anayedegedeka, atalivuta kwenye mapafu. Na kama jino au kipande hakionekani popote na mgonjwa anakohoa, hesabu kwamba limeshaingia kifuani. Anahitaji picha ya eksirei.

Ikishindikana kulirudisha, liweke kwenye maziwa. Maziwa freshi ni haba kwetu isipokuwa karibu na wafugaji, ila pakiti ndogo ya maziwa ya dukani yasiyohitaji friji inafaa kabisa, na ndiyo sababu napenda iwepo kwenye kila chombo kinachokwenda dago. Pasipo maziwa, mgonjwa atemee mate kwenye kikombe na jino litumbukizwe humo. Mtu mzima mwenye akili zake anaweza kulibana kati ya shavu na ufizi. Maji matupu yanapasua chembe za utando ule. Ni afadhali kuliko kulikausha mfukoni, basi. Dafu watu wanalipenda kwa kazi hii, lakini lina uchachu kidogo, hivyo lije nyuma ya maziwa na mate.

Jino lililorudishwa linahitaji mtaalamu ndani ya siku moja au mbili, alifunge na jirani zake kwa kifungo kinachonyumbuka kwa wiki 2. Wavuvi watafurahi kusikia kwamba mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.13 hadi 0.25 ni moja ya vifaa vinavyokubalika kwa kazi hiyo, ila unagundishwa kwa gundi ya meno kwenye uso wa meno. Usijaribu kufunga fundo shingoni mwa jino huko kambini: mzizi umechongoka, fundo linapanda juu ya mzizi na kulitoa jino ulilolirudisha kwa shida. Aulizie pia sindano ya pepopunda, kwa sababu jino lilianguka mchangani. Chakula kiwe laini, uji na wali uliopondwa. Ming'oko na mihogo atafunie upande wa pili.

Nije kwenye uvimbe, na hapa naomba usome bila haraka. Uvimbe mdogo kwenye ufizi, kama punje ya hindi, unaotoa usaha mdomoni, ni wa kungoja siku chache kwa kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, mara nne tano kwa siku. Uvimbe wa shavu lenyewe ni wa kuanza safari kesho asubuhi. Chukua kalamu, chora mpaka wake kwenye ngozi na andika saa. Baada ya saa 4 angalia tena. Macho hudanganya, hasa gizani na tochi, wino haudanganyi.

Unaondoka saa hiyo hiyo, usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya: uvimbe umeshuka chini ya taya na shingo imekuwa ngumu kama ubao, sakafu ya mdomo imeinuka na ulimi unasukumwa juu, anadondosha mate kwa sababu hawezi kumeza, sauti imekuwa nzito kama ana kiazi cha moto mdomoni, mdomo haufunguki hata vidole viwili vyake mwenyewe, wakati kwa kawaida vitatu vinaingia, uvimbe umepanda mpaka jicho linafumba, au anahema kwa shida. Magego ya chini ndiyo hasa huleta huu wa shingoni, kwa sababu mizizi yake iko karibu na nafasi zilizo chini ya ulimi. Njia ya hewa inaweza kuziba ndani ya saa chache. Mgonjwa asafiri amekaa, ameinamia mbele, asilazwe chali nyuma ya pikapu hata kama amechoka. Mpeleke penye chumba cha upasuaji, mathalani hospitali ya Sokoine kwa walio karibu na Lindi, Ligula kwa Mtwara, Ndanda au Nyangao kwa walio bara. Piga simu mbele mkipata mtandao.

Mkiwa njiani na dawa zipo, mtu mzima asiye na mzio wa penisilini apewe amoksilini miligramu 500 kila saa 8 na metronidazoli miligramu 400 kila saa 8; kwa uambukizi wa jino hupewa siku 5, bila pombe. Zichukueni kwa mganga wa zahanati kabla ya safari, na mwambieni mnakwenda wapi na kwa muda gani. Lakini dawa hizi haziondoi usaha uliojikusanya. Unatoka kwa kung'oa au kupasua. Na kwa jino linalouma bila uvimbe wala homa hazifanyi chochote, ingawa ndizo za kwanza kununuliwa. Usikande shavu kwa kitambaa cha moto kwa nje, wala usitoboe uvimbe kwa wembe.

Kung'oa kwa koleo la fundi nako ni hapana. Gego la chini lina mizizi miwili, la juu mitatu iliyotanuka. Kwa koleo kichwa kinakatika na mizizi iliyooza inabaki. Kidonda cha jino lililong'olewa kikitoka damu, kunja gozi nene, iweke juu ya shimo lenyewe na aume kwa nguvu dakika 30 bila kuchungulia. Haijakoma, tumia mfuko wa majani ya chai uliolowa, dakika 30 nyingine. Asisukutue wala kuvuta sigara kwa saa 24. Taya lililogongwa na meno hayakutani kama zamani limevunjika: akae ameinamia mbele, ale vya kunywa, apelekwe. Mtu anayetapika usimfunge taya kwa kitambaa.

Na kwa wa mashambani: korosho mbichi haibanguliwi kwa meno. Mbali na kuvunja jino, mafuta ya ganda yanababua midomo na fizi. Yakishagusa, futa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha pamba yenye mafuta ya kula, ndipo sabuni. Maji peke yake yanayasambaza tu.

Mfuko wa meno hauzidi ukubwa wa kopo la maziwa ya unga: tochi ya kichwani, kioo kidogo, kibano, glavu jozi 4, pamba, gozi, bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano kwa kusafishia tundu, unga wa oksidi ya zinki gramu 20, mafuta ya karafuu mililita 10, dawa zilizotajwa, kalamu, na ile pakiti ya maziwa. Mafuta ya karafuu yakae kwenye chupa ya kioo cheusi, maana yanalainisha plastiki na kuvuja. Unga ufungwe mara mbili. Unyevu wa pwani ukiuingia unafanya mabonge na hauchanganyiki tena. Mfuko wenyewe usikae kwenye dashibodi ya gari wala chini ya turubai jeusi juani. Maziwa angalia tarehe kila safari, na yakikaribia kuisha muda yanyweni, mnunue mengine.